Shahidi Ni Mashine: Nani Anakagua Draiva za Kompyuta za Kasulu na Kibondo?

Kompyuta nyingi za mezani zinazofanya kazi kwenye steshenari za Kasulu mjini na kwenye ofisi za shule za Kibondo zilianza maisha kwingine. Zilinunuliwa mpya na kampuni au shule ya Ulaya au Marekani, zikatumika miaka kadhaa, zikauzwa kwa jumla, zikashushwa bandarini Dar es Salaam, ndipo zikapanda bara kwa lori hadi nyanda za juu za Kigoma. Fundi akikutajia Dell OptiPlex 755, 780, 790 au 7010, amekutajia pia umri wa chipu ya michoro iliyomo ndani. Ile 755 ina michoro ya Intel ya kizazi cha tatu, 780 ya kizazi cha nne, 790 ya sita, 7010 ya saba. Kwa nje huoni tofauti ya maana. Yote ni maboksi meusi yenye vumbi jekundu kwenye feni. Lakini kati ya mwaka 2021 na 2022 watu ambao huenda hawajawahi kuisikia Kasulu waliukalia msimbo wa draiva za michoro za Linux, wakausoma, wakajibizana, wakaamua ni chipu ipi kati ya hizo itaendelea kuhudumiwa ndani ya mradi mkuu wa draiva hizo, na kwa njia gani.

Uamuzi huo haukupitia wizara yoyote wala kikao cha wakurugenzi. Ulipita katika ukaguzi wa msimbo, utaratibu wa programu huria unaotaka kila badiliko lisomwe na mtu mwingine kabla halijaingizwa kwenye kazi ya wote. Wanaousifu utaratibu huu husema nguvu yake ni macho mengi: msimbo uko wazi, dunia nzima inaweza kuusoma, basi kosa halina pa kujificha. Kwa draiva ya michoro maelezo hayo hayatoshi, na nadhani yamewapotosha hata wapenzi wa mfumo wenyewe. Jicho la msomaji huona mantiki iliyoandikwa. Haliwezi kuona chipu itafanya nini ikipewa mantiki hiyo. Shahidi ni mashine, na shahidi huyo, kwa vizazi vya zamani, siku hizi anapatikana Kasulu kwa urahisi kuliko kwenye ofisi za wanaoandika draiva.

Patakuwa na wa kuuliza: draiva za Linux zinatuhusu nini, ilhali steshenari zetu zinatumia Windows, tena mara nyingi ile iliyomo kwenye flashi ya fundi? Ni swali la haki. Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai rasmi prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Hakuna hata moja kati ya OptiPlex nilizozitaja inayotimiza sharti hilo. Zitaendelea kuwaka, hilo halina shaka, na wengi wataendelea kupigiwa windo ileile. Ila mwenye shule au zahanati anayetaka mfumo unaoendelea kupata marekebisho ya usalama, na hana fedha ya kununua mashine nyingine, njia pana iliyobaki mbele yake ni Linux. Tena simu zote za Android zilizomo mifukoni mwa watu sokoni zinatumia kerneli, yaani kiini cha mfumo, ya Linux. Kwa hiyo suala hili limeshatufikia. Tumelipokea bila kulitambua.

Draiva ya michoro hupokea maagizo ya programu, kama vile chora pembetatu hii, jaza rangi, sogeza dirisha, na kuyageuza kuwa amri ambazo chipu husika inazielewa. Katika Linux kazi hiyo imegawanywa pande mbili. Upande mmoja uko ndani ya kerneli: unagawa kumbukumbu, unapanga foleni ya kazi, unaamua nini kionekane kwenye kioo. Upande wa pili uko nje ya kerneli, na kwa sehemu kubwa unaitwa Mesa, mradi ambao Brian Paul aliuanza mwaka 1993 akitaka kuwa na OpenGL, lugha ya programu kuagiza michoro, isiyodai mashine za bei kubwa. Mesa leo inabeba draiva za Intel, AMD, NVIDIA, Arm, Qualcomm, Broadcom na nyinginezo. Zote zinakaa nyumba moja na zinachangia sehemu nyingi za msimbo, hasa ile inayotafsiri sheda, yaani zile programu ndogo zinazokokotoa rangi ya kila nukta ya kioo.

Kuchangia huko ndiko kunakoufanya ukaguzi uwe mgumu. Tuseme mhandisi anataka michezo iende kasi zaidi kwenye kadi mpya. Anarekebisha hatua moja katika sehemu ya pamoja ili sheda zikunjuliwe kwa namna tofauti: maagizo yanaongezeka kidogo, lakini kadi mpya inayatekeleza sambamba na kumaliza mapema. Anaandika maelezo, anaweka vipimo, anawasilisha badiliko lake, yaani kiraka. Mkaguzi makini haulizi kwanza kama kiraka ni sahihi. Anauliza kwa nini kipo, kama kimegawanywa vipande vidogo vinavyosomeka kimoja kimoja, na kama maelezo yatamfaa mtu atakayekuja kukisoma baada ya miaka kumi mwandishi akiwa ameshahamia kazi nyingine. Anakagua majina, mipaka ya safu, kumbukumbu inayokopwa bila kurudishwa. Yote yako sawa. Anaweka jina lake chini ya badiliko.

Sasa ile OptiPlex 755. Chipu yake ya kizazi cha tatu inakubali maagizo 64 tu ya hesabu katika sheda moja ya rangi, na 32 ya kusoma picha. Haijui hesabu za namba kamili. Kila kitu kwake ni desimali. Haijui kurudia wala kuchagua njia ndani ya sheda, hivyo kila mzunguko lazima ukunjuliwe kabla ya kufikishwa kwake. Sheda iliyokuwa na maagizo 61 ikifika 66 kwa sababu ya kiraka kile, chipu imeshaikataa. Hakuna mstari wenye kosa. Mwandishi hakukosea mantiki, mkaguzi hakulala, na bado kuna mashine mahali fulani ambayo asubuhi ya kusasisha mfumo dirisha lake litatokea jeusi, au kazi yote ya kuchora itarudishwa kwa prosesa na kompyuta nzima kuwa nzito.

Mezani pa fundi tatizo hilo halina jina la kiraka. Mwalimu mkuu analeta boksi, anasema tangu wiki iliyopita linakwama akifungua matokeo ya wanafunzi. Fundi analiwasha, anasubiri, anatikisa kichwa: "Mwalimu, hii imechoka. Tupige mfumo upya, au utafute nyingine." Ushahidi umeishia hapo. Mfumo wa zamani unarudishwa, mashine inapata nafuu, na aliyeandika kiraka hatajua kamwe. Mlolongo wa ukaguzi una kiungo kinachokatika, na kinakatika mahali ambapo tatizo lilionekana.

Watunzaji wa Mesa wanaujua udhaifu wa macho, ndiyo maana kwa miaka kadhaa sasa badiliko halipiti kwa kusomwa pekee. Likishakubaliwa na mkaguzi linakabidhiwa kwa roboti ya programu iitwayo Marge, nayo inalituma kwenye mashamba ya majaribio: rafu zenye bodi za Arm, kompyuta mpakato, kadi za AMD, Raspberry Pi na vitu vya namna hiyo, vinavyowashwa na kuzimwa kwa mbali. Huko linaendeshewa majaribio kwa maelfu. Mengi yanatoka kwenye mkusanyiko uitwao dEQP, ulioanzishwa na kampuni ya Kifini drawElements ambayo Google iliinunua mwaka 2014. Mengine yanachora picha halisi na kuilinganisha na picha iliyotarajiwa, nukta kwa nukta. Kikifeli kitu, badiliko linarudi kwa mwenyewe. Ni mpangilio wa kuvutia. Lakini chipu isiyokuwa kwenye rafu haina kauli, na rafu hizo ni za kampuni kama Collabora, Google, Valve na Igalia, zinazoweka humo vifaa ambavyo wao au wateja wao wanavihitaji. Sisemi hilo kwa lawama. Rafu inakula umeme, inahitaji mtu wa kuitazama, na hata seva zinazoiendesha zina gharama: freedesktop.org, makao ya Mesa, ilikuwa ikitumia seva za bure za Equinix hadi ufadhili huo ulipokoma mwaka 2025, ikabidi ihamie kwenye seva za kukodi za Hetzner, kampuni ya Ujerumani.

Hapo ndipo tunapofika kwenye uamuzi wa 2021 na 2022.

Ndani ya Mesa kulikuwa na draiva za mtindo wa zamani, zilizoandikwa kabla ya mpangilio mpya uitwao Gallium kuenea. Kila mara mtu alipotaka kuboresha sehemu ya pamoja alilazimika kuzibeba pia, na wengi wa waliozibeba hawakuwa na kifaa cha kuzijaribia. Mwishoni mwa 2021 zikaondolewa, na Mesa 22.0 ya mwaka 2022 ikatoka bila hizo. Draiva za kadi za Radeon za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikahamishiwa kwenye tawi la pembeni liitwalo Amber, ambalo hupokea marekebisho ya lazima tu. Draiva za Intel za mtindo uleule zilikwenda nazo. Lakini Intel ilikuwa na bahati ya watu: Dave Airlie wa Red Hat alikuwa ameandika draiva mpya iitwayo crocus, iliyoingia Mesa 21.2 katikati ya 2021, ikabeba vizazi vya nne hadi vya saba, yaani mashine zenye michoro ya Intel ya kati ya 2006 na 2013. OptiPlex 780, 790 na 7010 zikaokoka kwa mlango huo. Ile 755 ya kizazi cha tatu ilibaki na draiva nyingine ya Gallium, i915g, ambayo Emma Anholt aliikarabati kwa viraka vingi mwaka uleule wa 2021. Upande wa kerneli usafi wa namna hiyo ulifuata mwaka 2023, toleo la 6.3 lilipotupa draiva za kadi za miaka ya 1990.

Tazama nini kiliokoa nini. Hapakuwa na kanuni ya huruma kwa mashine kongwe, wala hesabu ya idadi ya watumiaji duniani. Mashine ziliokoka pale alipopatikana mtu mmoja au wawili wenye ujuzi, wenye kifaa mkononi, walio tayari kujibu kikiharibika. Kwa upande wangu naona watunzaji walifanya haki. Msimbo ambao hakuna anayeujaribu huoza taratibu, na kuuacha ndani kwa jina la wema ni kumdanganya mwenye mashine kwamba anahudumiwa. Mazungumzo ya kuzitenga draiva nyingine zaidi hurudi kila baada ya muda, na yataamuliwa kwa kipimo hichohicho. Kinachonisumbua ni kwamba, kwa ninavyoona, walioshiriki kwenye mazungumzo ya 2021 na 2022 walikadiria matumizi kwa kile walichokiona karibu nao, na karibu nao OptiPlex 755 ni taka ya kielektroniki. Hapakuwa na yeyote wa kuinuka na kusema: hapa ninayo, inafanya kazi kila siku, nitume nini?

Swali la nani atajibu baadaye ndilo uti wa mgongo wa ukaguzi wa draiva, na kisa kinachoonyesha hivyo vizuri kuliko vyote ni cha AMD. Mwaka 2016 kampuni hiyo ilileta kwenye kerneli kazi kubwa ya kuendesha vioo na viunganishi vya kadi zake, makumi ya maelfu ya mistari, iliyoandikwa ndani ya kampuni kwa ajili ya mifumo mbalimbali kisha ikavishwa vazi jembamba la Linux. Ilikuwa inafanya kazi. Wateja walikuwa wanaisubiri. Desemba mwaka huo Dave Airlie, mtunzaji wa draiva za michoro katika kerneli, aliikataa. Hoja yake haikuwa kwamba msimbo una makosa. Ni kwamba ukiwa na tabaka zima ambalo ni wafanyakazi wa kampuni moja tu wanaolielewa, watunzaji wengine hawawezi kulibadilisha pale kerneli inapobadilika, na siku kampuni ikichoka mzigo utawaangukia waliobaki. AMD ilirudi nyuma, ikaifumua, ikaiandika kwa namna inayofuata desturi za kerneli, na ikakubaliwa kwenye toleo la 4.15 lililotoka Januari 2018. Ilichukua mwaka mzima na zaidi. Draiva za AMD leo zinasifiwa, na sioni kama zingefika hapo pasipo kukataliwa kule.

Desturi nyingine ya upande wa kerneli ina mantiki ileile. Njia ambayo programu za nje huitumia kuzungumza na draiva ya kerneli, ikishatolewa kwa watu haiwezi kuvunjwa tena. Kwa hiyo njia mpya haikubaliwi mpaka kuwe na programu huria inayoitumia, nayo iwe imekaguliwa. Kampuni zenye draiva zilizofungwa hukerwa sana na sharti hili. Acha zikereke. Bila hilo watunzaji wangekuwa wanakagua nusu ya mlango, wasijue bawaba za upande wa pili zimewekwa vipi.

Kuna wanaoamini kwamba ukaguzi hukamata pia wenye nia mbaya. Hukamata kidogo. Mwaka 2021 ilibainika kuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikuwa wamepeleka kwenye kerneli viraka vyenye kasoro za makusudi ili kupima kama vitapita. Chuo kizima kikapigwa marufuku kwa muda, na viraka vyake vya miaka iliyopita vikaanza kukaguliwa upya kimoja kimoja. Machi 2024 iligundulika kwamba mtu aliyejiita Jia Tan, baada ya kujenga uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili, alikuwa ameingiza mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu kila Linux. Aliyemnasa, Andres Freund, hakuwa akikagua xz. Alikuwa anapima utendaji wa mashine yake, akaona kuingia kwenye mashine kwa mbali, kwa SSH, kumechelewa kwa nusu sekunde hivi kuliko kawaida, akafuatilia. Draiva ya michoro nayo ni mahali pa hatari, maana inapokea amri hata kutoka kwenye kurasa za wavuti na inagusa kumbukumbu za programu zote zinazoonekana kwenye kioo. Kisa cha xz kinanirudisha palepale: mashine ilisema kabla msomaji hajaona.

Sasa mtu wa Kasulu au Kibondo anaweza kutoa ushahidi wa aina gani? Si lazima aandike msimbo. Miradi hii ina nafasi rasmi kwa anayejaribu: chini ya kila badiliko kwenye kerneli kuna mistari inayotaja nani ameliandika, nani amelikagua, nani ameripoti tatizo, na mstari wake peke yake kwa aliyelijaribu kwenye kifaa chake. Kazi yenye thamani kubwa ni kutafuta kiraka chenye hatia. Tuseme mfumo wa mwaka jana ulichora vizuri na wa mwaka huu unachora vibaya, na katikati yake kuna mabadiliko elfu moja. Huhitaji kuyasoma. Unajenga draiva ya katikati, unajaribu, ikiwa nzima, kosa liko kwenye nusu ya pili, ikiwa mbovu liko kwenye ya kwanza, unakata tena. Programu ya git ina amri ya kukuongoza hatua kwa hatua, na mabadiliko elfu moja humalizika kwa majaribio kama kumi. Ripoti inayosema chipu fulani iliharibika kwa badiliko fulani, yenye picha ya kioo kabla na baada, hupata jibu haraka kwa sababu imemwondolea mwandishi sehemu ngumu ya kazi, ile asiyoweza kuifanya akiwa hana kifaa. Ripoti inayosema tu kwamba kompyuta inasumbua itakaa hapo mpaka ifungwe.

Majaribio kumi yanasikika machache. Kwenye OptiPlex yenye Core 2 Duo kuijenga Mesa nzima ni kazi ya muda mrefu, na ukijenga draiva zote bila kuchagua unaweza kukesha. Anayejua hujenga ile moja anayoihitaji, huweka kumbukumbu ya vipande vilivyokwisha kujengwa ili visirudiwe, au hujengea kwenye laptopu yenye nguvu kisha akahamisha matokeo kwa flashi. Kwa upande wa kerneli, historia nzima ya mabadiliko ni zaidi ya gigabaiti moja. Kwa bando la wiki hilo si jambo dogo, na likikatika katikati ya kupakua mara nyingi unaanza upya. Kuna njia ya kuchukua tawi bila historia yake, lakini kutafuta kiraka chenye hatia kunaihitaji historia hiyohiyo. Ufumbuzi wa vitendo ni mtu mmoja kupakua mahali penye mtandao mzuri, iwe Kigoma mjini, Mwanza au Dar, na kuibeba kwenye diski. Baada ya hapo kusasisha ni megabaiti chache. Umeme umekuwa afadhali. Mpaka mwaka 2022 miji ya Kasulu na Kibondo ilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, ndipo ikaunganishwa na gridi ya taifa kupitia Nyakanazi. Kukatika bado kupo, ila kazi ya saa sita sasa inaweza kupangwa kwa matumaini.

Afrika Mashariki haianzii sifuri katika haya. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice ya Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Mwaka huohuo ulianzishwa OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ambao makuzi yake ya mwanzo ni Eldoret nchini Kenya katika ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Ndani ya OpenMRS kijana wa Afrika Mashariki anaweza kujifunza adabu zote za ukaguzi: badiliko liwe na tiketi inayoeleza tatizo, liwe dogo, lije na majaribio, na usikasirike ukiambiwa uliandike upya mara ya tatu. Na ana faida moja asiyokuwa nayo kwenye Mesa: mkaguzi wake anaweza kuwa Kampala au Nairobi, ameshawahi kuona zahanati isiyo na mtandao, haelezwi kwa nini jambo hilo lina maana. Upungufu wa njia hii kwa suala letu ni kwamba OpenMRS haijali chipu ya michoro. Hitilafu yake huonekana popote pale, hata kwenye mashine ya mkaguzi mwenyewe. Anayetoka huko kuja kwenye draiva atakuwa na adabu tayari; kifaa na uvumilivu wa kukijaribu atavitafuta mwenyewe.

Simu na tableti ni habari nyingine, na ni mbaya zaidi. Katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ambayo imepokea wakimbizi wa Kongo tangu 1996 na wa Burundi kwa wingi tangu 2015, mpango wa Instant Network Schools wa Vodafone Foundation na UNHCR umepeleka tableti madarasani. Tableti za Android, kama simu za bei nafuu zinazouzwa madukani, mara nyingi hubeba chipu za michoro za Mali kutoka Arm au PowerVR kutoka Imagination, na huja na draiva ya mtengenezaji ambayo sehemu yake kubwa imefungwa. Mtengenezaji akiacha kutoa toleo jipya, mfumo wa tableti umesimama hapo, hata kama kioo na betri vina miaka mingine mitano. Draiva huria za chipu hizo zipo. Lima ya Mali za zamani na Panfrost ya Mali zilizofuata ziliingia kerneli 5.2 na Mesa 19.1 mwaka 2019. Alyssa Rosenzweig aliianza kazi iliyozaa Panfrost akiwa bado mwanafunzi, kwa kuchunguza amri zinazopita kati ya draiva iliyofungwa na chipu. Draiva huria ya PowerVR iliingia kerneli 6.8 mwaka 2024. Ila kuwepo kwa draiva hizo hakumsaidii mwalimu wa Nyarugusu, kwa sababu tableti yake imefungwa isikubali kerneli nyingine. Anaweza kuwa na kifaa, tatizo na nia, na bado asiweze kujaribu kiraka hata kimoja.

Kwa hiyo kama kuna mahali pa kuanzia, ni kwenye yale maboksi meusi. Vyuo vya ualimu vya Kasulu na Kabanga viko hapohapo, na mafundi wa mjini wanajua mashine zilipo na tabia zake. X.Org Foundation, taasisi inayosimamia sehemu kubwa ya kazi hizi, ina mpango uitwao Endless Vacation of Code unaowalipa wanafunzi wanaofanya kazi kwenye draiva na programu za michoro wakati wowote wa mwaka, tofauti na mipango inayofuata likizo za kiangazi za kaskazini ambazo haziendani na kalenda ya vyuo vyetu. Mwombaji anatakiwa alete pendekezo na apate mlezi ndani ya mradi. Pendekezo la kuweka OptiPlex 755 moja na 780 moja mahali penye umeme wa kuaminika, zikajaribu kila toleo jipya la i915g na crocus na kupeleka ripoti, lingekuwa dogo, lingeeleweka, na kwa i915g hasa, lingewapa wakaguzi kitu ambacho hawana kwa wingi.

Mlezi ataanza kwa kuuliza maswali ya kawaida: kifaa ni kipi, toleo gani la kerneli, kinafeli kila mara au mara mojamoja, na wewe utakuwepo mwakani?